Albamu zangu za metal zimeanza kunichosha: ni masikio, ni simu, au ni toleo?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Nina miaka 43, na rock na metal ndiyo muziki wangu tangu sekondari. Enzi hizo tulikuwa tunarekodiana kaseti: Paranoid ya Black Sabbath, Back in Black ya AC/DC, Master of Puppets na ...And Justice for All za Metallica, Blizzard of Ozz ya Ozzy Osbourne. Nilikuwa namaliza upande A, nageuza upande B, narudia tena. Mwaka huu nimejinunulia simu nzuri na spika za masikioni za Bluetooth, nikazipakua upya albamu zote hizo, yale matoleo yaliyoandikwa 'remastered', nikaongeza na Death Magnetic ya Metallica ambayo nilikuwa siijui vizuri. Ajabu ni kwamba nikisikiliza nyimbo tatu tu nachoka, kichwa kinakuwa kizito, natamani kuzima. Rafiki yangu anasema ni uzee. Muuza simu anasema ninunue hedifoni za bei kubwa zaidi. Kijana wa studio ya mtaani anasema ni MP3. Halafu siku hizi nikilala nasikia mlio mwembamba, ngiii, hasa siku ambazo nimesikiliza ndani ya daladala. Tatizo ni masikio yangu, ni simu, au ni albamu zenyewe? Na mwanangu wa miaka 14 ameanza kuziazima hizo spika. Nimkataze?"

Jibu:

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja. Kuna kuchoka, na kuna mlio wa usiku. Kuchoka kwako, kwa jinsi ulivyoeleza, kuna dalili zote za kutokana na matoleo uliyopakua kuliko simu au umri. Mlio ni suala la masikio, na hilo usiliweke kiporo. Ila mambo haya mawili yanakutana mahali pamoja, na ndiyo maana nitajibu kwa urefu.

Tuanze na neno "remastered", maana wengi wanalielewa kama "iliyosafishwa". Albamu ya rock hupita hatua tatu. Kwanza kila ala inarekodiwa kwenye mkondo wake: ngoma ya mguu, sneya (ngoma ndogo inayopigwa kwa fimbo), matoazi, besi, magitaa, sauti ya mwimbaji. Kisha inamiksiwa: mikondo yote inaunganishwa kuwa miwili, kushoto na kulia, na hapo ndipo inaamuliwa nani asikike mbele na nani nyuma. Mwisho inamastiwa: mhandisi anachukua miksi iliyokwisha, anarekebisha kidogo besi na sauti za juu, anapanga ukubwa wa sauti kwa jumla, na kutoa nakala ya kiwandani. Kuremasta ni kurudia hatua hii ya tatu tu. Mhandisi hawezi kumtoa mpiga besi aliyefichwa kwenye miksi, kama ambavyo huwezi kuitoa chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kuiva. Mfano unao mkononi: ...And Justice for All ya 1988 inajulikana kwa besi ya Jason Newsted ambayo karibu haisikiki. Ilipotolewa remasta yake mwaka 2018, watu walikimbilia wakidhani besi itafufuka. Haikufufuka, kwa sababu ilizikwa kwenye miksi.

Sasa, ni nini kinachofanyika kwenye kumasta hata albamu uliyoipenda ikuchoshe? Sauti ya kidijitali ina dari. Kipimo chake kinaitwa sifuri, na juu ya sifuri hakuna kitu, namba zimeisha. Chukua pigo moja la sneya kwenye Back in Black. Fimbo inapogonga ngozi, sauti inaruka hadi karibu na dari kwa muda wa milisekunde chache tu, kisha inashuka. Gitaa linaloendelea pembeni yake liko chini sana, desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 12 au 15 chini ya kile kilele. Nafasi hiyo kati ya gitaa na kilele cha sneya ndiyo inayofanya pigo lisikike kama pigo. Mwili wako unaruka nalo.

Ikiwa mtu anataka albamu nzima isikike kubwa zaidi, hawezi kuipandisha tu, maana sneya imeshagusa dari. Kwa hiyo anaweka limita, kifaa kinachokandamiza kila kilele kinachotaka kupita kiwango fulani, halafu anapandisha kila kitu kwa pamoja. Magitaa yanapanda, sauti ya mwimbaji inapanda, hata mvumo wa amplifaya unapanda; sneya inabaki pale pale kwa sababu haina pa kwenda. Akifanya hivyo kwa desibeli 2 au 3, hutagundua kitu. Akifika 8 au 10, sneya iliyokuwa inachomoza kama mti uwandani sasa imezama kwenye msitu wa magitaa. Akizidi hapo, vilele havikandamizwi tena, vinakatwa. Wimbi la sauti lililokuwa na ncha ya mviringo linakuwa na kichwa bapa, na kichwa bapa huzaa sauti mpya za juu ambazo hazikupigwa na mtu yeyote. Hizo ndizo unazozisikia kama mkwaruzo mkavu juu ya matoazi.

Walifanya hivyo kwa nini? Kwa sababu ya udhaifu wa sikio letu. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba kwa sauti ndogo sikio linasikia besi na sauti za juu kwa upungufu kuliko sauti za kati. Ukiongeza sauti, besi inanenepa na matoazi yanang'aa. Ndiyo maana mtu akichezewa wimbo ule ule mara mbili, wa pili ukiwa mkubwa kidogo tu, atasema wa pili una ubora zaidi. Kampuni za muziki zilijua hilo. Kuanzia miaka ya 1990 kila prodyuza alitaka wimbo wake usikike mkubwa kuliko uliotangulia redioni, na kila mmoja akampandia mwenzake.

Death Magnetic uliyoiongeza kwenye orodha ndiyo mfano unaotajwa kuliko yote duniani. Ilitoka Septemba 2008, prodyuza akiwa Rick Rubin. Mwaka ule ule nyimbo zake zilitolewa pia ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero, na kwa kuwa mchezo ulihitaji ala zikiwa zimetenganishwa, nyimbo hizo hazikupita kwenye ukandamizaji ule ule. Mashabiki wakalinganisha, na tofauti ilikuwa wazi hata kwa macho: kwenye CD wimbi la sauti ni tofali, kwenye mchezo lina miiba kama mfupa wa samaki. Kwa kipimo cha DR, ambacho kwa urahisi ni umbali kati ya vilele na sauti ya wastani, CD inapata takriban 3. CD nyingi za rock za miaka ya 1980 zinapata kati ya 11 na 14. Maelfu ya mashabiki walitia saini ombi la kutaka imiksiwe upya, na Ted Jensen aliyeimasta alieleza kwamba miksi ilimfikia ikiwa tayari imekandamizwa. Kwa maoni yangu nyimbo zenyewe ni nzuri, bora kuliko nyingi walizotoa miaka kumi iliyotangulia. Ila dakika 74 za tofali ni kazi, si burudani.

Kuchoka kunakuja hivi. Muziki wenye vilele na mabonde unalipa sikio mapumziko madogo kati ya pigo na pigo. Uliokandamizwa hauna bonde. Ndani ya sikio la kati kuna msuli mdogo unaojikaza sauti kubwa inapoingia, na sauti isiyopumzika haiupi nafasi ya kulegea. Juu ya hapo ongeza ule mkwaruzo, ambao unaangukia kwenye masafa ambayo sikio la binadamu ni kali kuliko yote, kati ya Hz (mitikisiko kwa sekunde) 2,000 na 5,000. Metal tayari imejaa hapo: magitaa yenye mkwaruzo, matoazi, sauti ya kupayuka. Ndiyo maana albamu ya metal iliyokandamizwa inachosha haraka kuliko ya taarabu iliyofanyiwa dhambi ile ile.

Kaseti zako nazo zilikudekeza bila wewe kujua. Utepe wa kaseti hauna dari kali. Sauti ikizidi, unaifanya ncha iwe ya mviringo polepole badala ya kuikata. Na kaseti ya kurekodiana, nakala ya nakala, ilikuwa imeshapoteza sehemu kubwa ya sauti za juu kabisa. Ukali wote wa matoazi ulibaki kwenye utepe wa kwanza. Kwa hiyo unalinganisha remasta kali na kumbukumbu ya kaseti laini, na sehemu ya tofauti unayoisikia ni hiyo. Si kila kilichokosekana kwenye kaseti kilikuwa kizuri kukosekana.

Tuwajibu sasa washauri wako watatu. Kijana wa studio amechanganya maneno mawili yanayofanana. MP3 inakandamiza faili ili liwe dogo. Limita inakandamiza sauti ili iwe kubwa. Ni vitu tofauti kabisa. MP3 ya kbps 128 (kbps ni kiasi cha data kwa sekunde) kweli inaharibu matoazi, utayasikia yakichuruzika kama maji, lakini kwa kbps 256 au 320 ni wachache wanaoweza kuitofautisha na CD bila kuona jina la faili. Bluetooth nayo inapunguza kidogo, lakini haigeuzi mfupa wa samaki kuwa tofali. Kijana ana hoja moja tu ndogo: toleo lililokwisha kukatwa vilele likigeuzwa MP3, baadhi ya vilele vinazidi dari tena wakati wa kuchezwa, na mkwaruzo unaongezeka.

Muuza simu anauza simu. Hedifoni nzuri zitakuonyesha mkwaruzo kwa uwazi zaidi, kama miwani mipya inavyokuonyesha vumbi. Kwenye spika zako angalia kitu kimoja cha bure: mipira ya ncha. Ikiwa haizibi sikio vizuri, besi inavuja, nawe unapandisha sauti kuifidia, kisha sauti za kati zinakuchoma. Spika nyingi za aina hiyo zinakuja na mipira ya saizi tatu ndani ya boksi. Jaribu zote, na usishangae sikio la kulia likitaka saizi tofauti na la kushoto.

Rafiki yako wa uzee namkubalia kwa robo. Umri unaanza kula masafa ya juu kabisa, juu ya Hz 12,000, ambako muziki wa rock una kidogo. Hilo halichoshi mtu. Lakini sikio lililoumizwa na kelele lina tabia moja ya ajabu: halisikii sauti ndogo, halafu sauti ikiongezeka kidogo tu, ghafla inakuwa kubwa mno na kuudhi. Kwa hiyo siwezi kukuambia moja kwa moja kwamba ni toleo tu. Kuna jaribio la kutenganisha mambo haya mawili, nalo ni rahisi.

Tafuta wimbo mmoja katika matoleo mawili: remasta uliyonayo, na nakala iliyotolewa kutoka CD ya zamani. Master of Puppets inafaa, maana ipo ya 1986 na remasta ya 2017. CD za zamani utazikuta kwa wauza mitumba wa vitabu na muziki au kwa mtu uliyesoma naye. Pakia programu ya Audacity kwenye kompyuta, ni ya bure. Fungua nyimbo zote mbili na uziangalie kwanza kwa macho. Kwenye menyu ya View kuna chaguo la kuonyesha vilele vilivyokatwa. Vitatokea kama mistari myekundu. Kisha chagua kila wimbo kwa wakati wake, nenda menyu ya Effect, tafuta Loudness Normalization, na ukikuta imeandikwa -23 LUFS iache hivyo hivyo. LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, si jinsi vilele vinavyosoma. Hifadhi zote mbili kama WAV, aina ya faili lisilokandamizwa, zihamishie kwenye simu, na uzime kila kitu cha kuongeza besi au "sauti ya 3D" kwenye simu yako.

Hapo ndipo kosa la kawaida hutokea, kwa hiyo nisikilize. Usibadilishe sauti ya simu katikati. Remasta itasikika imenywea ghafla, kwa kuwa umeinyang'anya faida yake pekee, ukubwa. Sikiliza toleo moja leo kwa nusu saa ukirudia, lingine kesho saa ile ile, mahali tulivu. Ikiwa la zamani linapita bila kukuchosha na jipya linakuchosha, umepata jibu: ni toleo. Ikiwa yote mawili yanakuchosha kwa sauti ile ile ya chini, tuhamie kwenye masikio, na soma kwa makini sehemu inayokuja.

Kuhusu kutafuta matoleo ya zamani: usifute kila kitu chenye jina remasta. Back in Black inavumilia mengi, kwa sababu prodyuza wake, Mutt Lange, aliacha hewa kubwa kati ya gitaa na gitaa na ngoma. Hata ikipandishwa bado inapumua. Paranoid ya 1970 ina ala chache na uchafu wake ni wa asili, toleo lolote lisilopigwa kelele sana litakufaa. Kwenye Blizzard of Ozz uwe macho. Toleo la 2002 halikuremastiwa tu: besi ya Bob Daisley na ngoma za Lee Kerslake zilifutwa, zikapigwa upya na Robert Trujillo na Mike Bordin. Ukisikia kuna kitu hakikai sawa, si kumbukumbu yako inayokudanganya, ni watu wengine wanaopiga. Toleo la 2011 liliwarudisha wenyewe. Megadeth nao, Rust in Peace ya 1990 ilimiksiwa upya mwaka 2004, na sehemu za uimbaji zikaimbwa upya. Soma mwaka kwenye toleo kabla ya kulipia.

Wakati mwingine jipya ndilo bora. Bendi ya Rush walitoa Vapor Trails mwaka 2002 ikiwa imekandamizwa vibaya mno. Mwaka 2013 ikatoka imemiksiwa upya na David Bottrill, na ndiyo ya kusikiliza. Na baadhi ya CD za mwanzo kabisa za miaka ya 1980 zilitolewa kwenye tepu zilizorekebishwa kwa ajili ya kukata santuri, zikasikika nyembamba kama bati. Uzee wa toleo peke yake si cheti.

Nikuongezee jambo ambalo wapenzi wa matoleo ya zamani hulisahau. Kuna muziki ambao mkwaruzo ndio ala yenyewe. Sikiliza Duma, kundi la watu wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020. Ukiipima utaona tofali, na kumwambia mtu aipe nafasi ya kupumua ni sawa na kumwomba mpiga tarumbeta apulize kimya. Hapo ukandamizaji ulikusudiwa tangu mwanzo. Malalamiko yangu ni kwa albamu iliyorekodiwa na nafasi, ikapendwa na nafasi yake, kisha ikaja kuzibwa miaka thelathini baadaye.

Kama unasikiliza kwa programu za mtandaoni, kuna chaguo la kusawazisha sauti kwenye mipangilio. Liwashe. Spotify kwa kawaida inaleta kila wimbo kwenye -14 LUFS, Apple Music kwenye -16. Haikurudishii vilele vilivyokatwa, hakuna kinachovirudisha, ila inaondoa ile hali ya kuruka kutoka Black Sabbath kwenda Death Magnetic na kupigwa kofi. Kwenye Spotify usichague kiwango cha "Loud", maana hicho kinaweka limita yake juu ya limita iliyopo. Kwa mafaili uliyo nayo mwenyewe kwenye simu, programu ya foobar2000 inafanya kazi hiyo hiyo kwa ReplayGain, mfumo wake wa kusawazisha sauti.

Sasa masikio. Na hapa ndipo toleo na mlio vinakutana. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa kusikiliza kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5, 92 ni saa mbili na nusu kwa wiki nzima. Tuseme sauti ya simu yako ilikuwa kwenye alama ile ile uliyoizoea, na albamu ya zamani ilikuwa inakufikia kwa desibeli 80. Remasta iliyopandishwa kwa desibeli 10, kwenye alama ile ile, inakufikia kwa 90. Hujagusa kitu, lakini saa zako 40 zimekuwa 4.

Ingia nazo kwenye daladala. Injini, honi, kondakta, redio ya dereva; ili uisikie gitaa juu ya hayo yote unapandisha, na kwa kuwa kila kitu kinakuzunguka kwa kelele hujui umepandisha kiasi gani. Ukishuka na kuingia mahali tulivu bila kugusa sauti, ndipo unashtuka. Huo mshtuko ni kipimo kizuri. Ndani ya koklea, sehemu ya ndani kabisa ya sikio, una seli zipatazo 15,000 zenye vinywele zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara ya neva. Zikichoka zinalala, na usiku unasikia ngiii. Zikipumzika siku moja au mbili, nyingi zinaamka. Zikiuawa, hazioti tena, kwa mwanadamu hazioti kamwe. Mlio unaokuja baada ya daladala na kuondoka asubuhi ni onyo, na kila onyo linaweza kuacha hasara kidogo isiyoonekana kwenye vipimo vya mwanzo.

Kwa hiyo, wiki mbili zijazo: acha kabisa kusikiliza ndani ya gari, au tumia spika zenye kuzuia kelele za nje huku sauti ikiwa chini ya nusu. Mahali tulivu, panga sauti kwa wimbo wa kwanza, kisha usiiguse tena kwenda juu. Ukitaka kuiongeza baada ya dakika kumi, huo ni uchovu unaoomba mapumziko. Baada ya albamu moja, vua robo saa. Usitie mafuta sikioni, usichokonoe kwa vijiti vya pamba, maana vinasukuma nta ndani, na nta iliyoziba nayo inaleta mlio na uziwi wa uongo ambao daktari anaumaliza kwa dakika chache. Kumbuka pia dawa ulizotumia karibuni. Kwinini, aspirini kwa dozi kubwa na sindano za gentamaisini zinaweza kuleta mlio. Usiache dawa mwenyewe, lakini mwambie aliyekuandikia.

Ikiwa baada ya wiki hizo mbili mlio bado upo, au unasikia watu wakizungumza kama wanamumunya maneno, nenda kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Muhimbili, KCMC na Kenyatta zina idara hizo, na hospitali nyingi za mkoa zinaweza kukupa rufaa. Omba kipimo cha usikivu: utakaa kwenye chumba kilichozibwa sauti, utavalishwa hedifoni, na kubonyeza kitufe kila unaposikia mlio mdogo. Jeraha la kelele huonekana kama shimo kwenye grafu karibu na Hz 4,000. Ubaki na nakala yako, maana ya mwaka ujao italinganishwa na hiyo.

Yapo yasiyongoja wiki mbili. Sikio moja likizima ghafla, hata kama haliumi, nenda siku hiyo hiyo. Ni dharura, na matibabu yake yana nafasi nzuri yakianza mapema. Vivyo hivyo kizunguzungu cha kuzungukwa na chumba, usaha au damu, mlio wa sikio moja tu, au mlio unaodunda sawasawa na mapigo ya moyo.

Mwanao usimkataze. Ukimkataza ataazima za rafiki yake na hutajua anasikiliza kwa sauti gani. Kwa watoto mpaka ni desibeli 75, si 80. Kwenye iPhone kuna sehemu ya usalama wa hedifoni inayokuruhusu kuweka kikomo cha desibeli 75 na kukifunga; simu nyingi za Android zina kikomo cha sauti chenye namba ya siri. Weka kikomo naye akiwa pembeni, umwonyeshe kwa nini. Mnunulie hedifoni zake, za bei rahisi tu, zinazofunika sikio kutoka nje; spika za ndani ya sikio mkibadilishana mnabadilishana na nta na fangasi. Na ukitaka kumwanzisha, mpe Paranoid nzima, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ni kama dakika 42. Ikiisha, avue.